Mpanga Foleni, Mama Mkwe na Programu Iitwayo Mkorofi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Geti la kituo cha afya halijafunguliwa, lakini foleni imeshajipanga yenyewe kando ya ukuta. Kuna mawe matatu, chupa tupu ya maji, na ndala moja isiyo na mwenzake. Kila kimoja kinamshikia mtu nafasi huku mwenyewe akitafuta mahali pa kukaa. Mwanamke aliyevaa koti la bluu lililopauka mabegani anavipitia kimoja kimoja kwa macho.

"Mwenye ndala yuko wapi? Mwambieni ndala haina homa, aje mwenyewe," anasema. Watu wanacheka kivivu, kicheko cha watu ambao bado hawajanywa chai.

Hapa wanamwita Dada Namba. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kugawa vipande vya plastiki vyenye namba, kupanga wagonjwa kwenye mabenchi, na kuamua ugomvi wa nani alimtangulia nani. Anaifanya kazi hiyo amesimama. Aliwahi kuletewa kiti, lakini mgonjwa wa kwanza alikikalia, na hakuwa na moyo wa kumwinua. Kiti kikahama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa mpaka kikaishia ndani kwa mtoa dawa.

"Ikifika jioni miguu hii si yangu tena," anasema, akiegemea nguzo kidogo halafu akijiondoa haraka kabla mtu hajamwona. "Naibeba tu mpaka nyumbani."

Mzee mmoja aliyeshika namba ya ishirini na kitu anamvuta koti. "Dada Namba, mvumilivu hula mbivu, sawa. Lakini hizi zangu zimeshaoza."

"Zioshe tu, mzee wangu, utakula. Daktari anaingia sasa hivi."

Daktari haingii sasa hivi. Dada Namba anajua, na mzee naye anajua.

Mwanzoni mwa mwaka huu mkuu wa kituo aliwakusanya wafanyakazi na kuwatangazia kwamba mwakani italetwa mashine ya kutoa namba. Mgonjwa atabonyeza, karatasi itatoka, kioo kitaita. Dada Namba aliinua mkono akauliza, yeye atabonyezwa wapi? Wenzake walicheka. Mkuu akapita kwenye ajenda nyingine. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo hata kumfukuza hakuna haja. Inatosha kumsahau ifikapo Desemba.

Ndiyo maana, kwa mwaka huu wote, mwanamke huyu amekuwa akipambana na kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Anatengeneza mchezo wa ubao, wa dadu na kete na kadi, na tangu mwanzo alitaka uuzwe dukani kabla mashine haijafika.

Mchezo wenyewe ulianza kwa hasira. Siku moja mchana, baada ya kutukanwa na mtu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa picha moja ya pasipoti, alichukua boksi la glavu, akalipasua, na upande wa ndani akachora njia yenye vyumba kutoka getini hadi dirisha la mwisho. Kisha akakata vipande vidogo na kuandika yale anayoyasikia kila siku. *Umesahau kadi nyumbani, rudi mwanzo. Mtandao umekata, kaa ulipo. Mwenye cheo amepita mbele yako, rudi vyumba viwili. Umempisha mjamzito, sogea vitatu.*

Kadi hutandazwa kifudifudi mezani. Ukikanyaga chumba chenye nyota, unachagua moja kwa mkono wako, iwe heri, iwe shari. Wa kwanza kuhudumiwa dirisha la mwisho ndiye mshindi. Mchezo aliupa jina la *Rudi Kesho*.

Mfagiaji na mtoa dawa waliucheza wakati wa chakula cha mchana, wakabishana mpaka chakula kikapoa. Kesho yake wakaudai tena. Baadaye wagonjwa nao wakawa wanasogeza mabenchi kutazama.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule, aliyekuja na shavu limevimba kwa jino. Alipoitwa kwenda kung'olewa, alimwambia muuguzi asubiri kidogo, zamu yake ya dadu imefika. Jino liling'olewa, na wiki iliyofuata akarudi bila ugonjwa wowote.

"Aliniambia, dada, hiki ni kitu," anakumbuka Dada Namba. "Akasema nimpelekee uliochapwa vizuri kabla shule hazijafunguliwa, maana ndipo watu wanaingia dukani. Lakini aliweka masharti. Hataki kitu cha wizi. Na anataka siku akisema tubadilishe neno, au tuongeze, niwe na uwezo. Alishaletewa michezo na watu, ikauzika, alipotaka mingine akaambiwa faili limepotea."

Hapo ndipo safari ya kutafuta programu ilipoanza. Mshahara wa Dada Namba ukishatoa kodi ya nyumba na dawa za mama mkwe, kinachobaki kinahesabika kwenye kiganja. Programu ya kununua haikuwa jambo la kufikiria. Ilibidi atafute ya bure, na za bure, kama alivyokuja kugundua, ni kama wachumba. Wote wanakuja wamenyoa.

Wa kwanza alimpata kwenye simu, akampa jina la Mrembo. Unagusa, anafunguka. Ana violezo vilivyo tayari, maua, fremu za dhahabu, vijitu vinavyotabasamu. Dada Namba hakuwahi kushika kipanya maishani, lakini kwa Mrembo alitengeneza ubao mzima kwa kidole gumba, akiwa amelala chali na miguu ameiegemeza ukutani ili damu irudi. Kadi zake ziling'aa. Mgongoni mwa kila moja aliweka ile fremu ya dhahabu.

Mwezi mmoja wa kujaribu bure ulipokwisha, Mrembo alibadilika sura. Kazi yote ilikuwepo, inaonekana, lakini kuitoa kwa ubora wa kuchapwa ni kulipa, na kulipa ni kila mwezi, kiasi kinachokaribia robo ya mshahara wake. Akaitoa hivyo hivyo kwa bure na kuipeleka kwa mwenye duka la kuchapa, mtu mzima ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Fotokopi. Ubao ulitoka umepauka, picha zimepasuka, na jina la kampuni limepita katikati kutoka kona hadi kona.

"Nilisimama pale nikitazama kazi yangu ina jina la mtu mwingine," anasema. "Nilihisi kama nguo yangu iko kwa dobi, naiona imening'inia, halafu naambiwa sina risiti."

Jioni ile alipofika nyumbani, mama mkwe wake alimwona jinsi alivyotupa ule ubao mezani. Bibi huyo alikuwa fundi cherehani kwa karibu miaka hamsini, mpaka magoti yalipomgomea. Mwanawe, mume wa Dada Namba, alifariki miaka minne iliyopita. Tangu mazishi wanawake hao wawili wameishi nyumba moja kwa heshima zote, shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, na katikati maneno machache mno. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Mtu aliyewaunganisha ndiye hayupo.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," bibi alisema, akauinua ubao, akautazama kwa karibu, akaurudisha.

Mchumba wa pili aliletwa na Bwana Fotokopi mwenyewe. Ilikuwa programu kubwa, ile wanayotumia wakubwa, na ilikuwa imevunjwa kufuli yake ili itumike bila kulipiwa. "Chukua hii, dada. Mjini hapa nani ananunua?" alimwambia. Dada Namba anakiri kwamba aliitamani. Lakini alikumbuka sharti la mwenye duka la vitabu, akameza mate, akaiacha.

Wa tatu ilikuwa ya bure na ya halali, iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekebisha picha. Aliiweka kwenye kompyuta mpakato aliyoiacha marehemu mumewe. Kompyuta hiyo betri yake ilishakufa, na soketi pekee ya nyumba iliyo karibu na meza iko chumbani kwa mama mkwe. Ikabidi aombe ruhusa. Bibi akakunja kitambaa alichokuwa akishona kwa mkono, akampisha upande mmoja wa meza.

Programu ile ilipofunguka, kompyuta ilianza kuhema. Kila akigusa kitu, anasubiri, na akiwa anasubiri bibi naye anasubiri. Akaandika maneno kwenye kadi, yakapendeza. Akayakuza kwa ajili ya ubao, yakawa na kingo za mawimbi kama karatasi iliyolowa. Bwana Fotokopi akamweleza kwamba ile imezaliwa kwa ajili ya picha. Kwa herufi na mistari anahitaji programu inayochora kwa vipimo, ambayo hata ukikuza mchoro ukawa sawa na ukuta, hautapasuka.

"Iko moja," alisema akijikuna kichwa, "ni ya bure kabisa. Wanaitengeneza watu wa kujitolea huko duniani, na unaruhusiwa hata kumpa jirani. Ila ina roho mbaya."

Hivyo ndivyo alivyokuja Mkorofi. Hakuwa na kiolezo, wala ua, wala tabasamu. Kulikuwa na karatasi tupu katikati ya kioo na vidude vidogo vimeizunguka pande zote. Jumapili ya kwanza Dada Namba alichora duara, likatoweka. Akachora jingine, nalo likatoweka. Alishinda mchana mzima akiamini ameiharibu kompyuta ya marehemu, na aliogopa kumwambia mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa ameketi hapo hapo akitia uzi kwenye sindano.

"Maduara yalikuwepo muda wote," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka kicheko kamili. "Nilikuwa nimeyapaka rangi nyeupe, juu ya karatasi nyeupe. Nilitamani kujizaba kofi."

Bwana Fotokopi alimpakulia video za mafunzo, akamwekea kwenye flashi. Video zenyewe zilikuwa za lugha ya kigeni na msemaji alikimbia kama anadaiwa, kwa hiyo Dada Namba alizima sauti na kutazama mkono wa kipanya tu. Mwezi wa kwanza uliisha hajachora kitu cha kumwonyesha mtu.

Tatizo lingine lilikuwa vijitu. Vile vya Mrembo vilikuwa mali ya Mrembo, na yeye hajui kuchora uso. Akijaribu pua, inakuwa kiazi. Alipokaribia kukata tamaa alijiuliza, kwani kwenye foleni unaona nyuso? Unaona migongo. Basi akachora duara la kichwa, chini yake umbo la mabega, akabadilisha rangi ya nguo, akalinakili mara nyingi. Kwa mmoja aliongeza kilemba, mwingine begi, mwingine mtoto mgongoni. Foleni nzima ikasimama kwenye ubao imempa mchezaji kisogo.

"Miaka yote kazini nimetazama migongo," anasema. "Mgongo wa mtu aliyechoka naujua hata akiwa amevaa koti."

Kazi ilipokwisha, Bwana Fotokopi aliichapa kwenye karatasi ngumu, na wakakata kadi kwa mashine yake ya mkono yenye kisu. Hakuna picha iliyopasuka. Hakuna jina la kampuni. Dada Namba alirudi nyumbani ameushika mchezo kwa mikono miwili.

Ilibaki kuujaribu. Jumamosi mchana waliketi watatu, yeye, mama mkwe, na mpangaji wa chumba cha mbele, dereva wa lori mwenye sauti ya kuamsha jirani. Mama mkwe akashinda. Wakarudia, akashinda. Mtandao haukumkatia, cheo hakikumpita, picha za pasipoti hazikumpungukia hata siku moja. Kila akikanyaga nyota, mkono wake ulielea juu ya kadi kidogo, ukashuka, ukaibuka na mjamzito wa kupishwa.

"Bibi ana dawa huyu!" dereva alipiga meza. "Mimi nacheza na mtu au nacheza na mganga?"

Jumamosi iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo. Dereva aliapa hatagusa tena mchezo ule, na safari hii hakuwa akitania. Mchezo ambao mtu mmoja anashinda daima si mchezo, na Dada Namba alilifahamu hilo. Dereva alipoondoka, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, nisamehe kwa kukuuliza. Unajuaje?"

"Ninajua nini?"

"Kadi. Unazijua kabla hujazifunua."

Bibi hakukana. Alizigeuza kadi zote migongo juu, akazinyoosha kwa upande wa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa, akaanza kuonyesha. "Hii fremu yake imebana kushoto. Hii imelegea chini. Hii imekwenda upande, hii aliyeikata alikuwa na njaa. Hiyo iliyobana kushoto ndiyo ya mjamzito."

"Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unaiba?"

"Mimi siibi," bibi alisema kwa ukali kidogo. "Nimetazama pindo za nguo maisha yangu yote. Siwezi kuyaambia macho yasione."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza." Akainyoosha kadi moja iliyokaa upande, kisha akaongeza, "Na nilikuwa nashinda."

Ilikuwa ile fremu ya dhahabu. Alipomwacha Mrembo, Dada Namba aliichora upya kwa kuikumbuka, kwa sababu aliipenda, kwa sababu ilimfanya ahisi mchezo wake umevaa vizuri. Na fremu ikikaa pembezoni kabisa mwa kadi, kisu kikiteleza unywele mmoja tu, jicho linaona upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Hakuna kadi mbili zilizofanana. Mchezo mzima ulikuwa umetiwa alama na yeye hakujua.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Dada Namba alizitia kadi kwenye mfuko wa plastiki, akafunga kompyuta, akamrudishia mama mkwe meza yake. Siku zile, anasema, alifikiria kuacha. Kazini wagonjwa walikuwa wengi, mmoja wa wenzake alikuwa mgonjwa, na usiku miguu ilimwaka. Kila mtu aliyemfahamu alikuwa amemwambia apumzike, na kwa mara ya kwanza aliwaona wana akili.

"Nilichoka mpaka nikachoka kuchoka. Nilijiambia, we mwanamke, michezo ni ya watu waliokaa chini."

Aliyevunja ukimya ni bibi. Jioni moja alimwita chumbani. Mezani alikuwa ametandika kipande cha kitambaa chenye maua, amekipiga mstari wa chaki.

"Mkaza mwanangu, keti. Nikitaka kushona hapa kwenye chaki, nakata wapi?"

"Kwenye chaki."

"Ukikata kwenye chaki utashona nini, hewa?" Akashika mkasi, akakata mbali na mstari, kidole kimoja nje yake. "Unaacha ziada. Sasa tazama. Maua haya yameishia kwenye chaki? Hayakuishia. Yamepita yakaenda zake. Mkono wangu ukitetemeka nikakata huku au huku, nani atajua? Ile fremu yako ndiyo inayokusema. Itoe. Jaza ua mpaka nje ya kipimo, ndipo ukate ndani yake."

Dada Namba anasema hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mama mkwe kwa mkupuo mmoja tangu wamzike mtu wao. Alilia kidogo. Bibi akajifanya anatafuta sindano.

Wakawasha kompyuta. Hapo ndipo Mkorofi alipojitetea. Mgongo wa kadi ulikuwa mchoro mmoja ambao mingine yote ilikuwa nakala yake, na alipobadili ule mmoja, migongo yote ikafuata. Fremu ikaondoka. Badala yake aliweka mistari ya mlazo, bluu na nyeupe, inayotoka nje ya kadi pande zote. Bibi ndiye aliyechagua unene wa mistari, akiwa amesogeza miwani mpaka ncha ya pua na kunyooshea kioo kidole.

"Myembamba zaidi. Hapo. Usiguse tena."

Kadi mpya zilikatwa asubuhi, na mchana wakamwita dereva wa lori, aliyekuja akilalamika. Bibi alikanyaga nyota. Mkono ukaelea juu ya kadi, ukaenda kulia, ukarudi kushoto, ukasita. Alipofunua, mtandao ulikuwa umekata. Raundi ile alikuwa wa mwisho. Dereva alishangilia kana kwamba amezaliwa mtoto.

Bibi aliichukua kete yake, akairudisha getini. "Pangeni tena," alisema.

Siku ya kwenda dukani, Dada Namba aliomba ruhusa ya nusu siku na kubeba kila kitu, pamoja na kompyuta na waya wake. Mama mkwe alisisitiza kumsindikiza ingawa magoti hayakutaka. Walipofika, mwenye duka hakuanza na ubao. Alizichukua kadi, akazitandaza kifudifudi kwenye kaunta, akainama akizitazama migongo kutoka upande mmoja, kisha upande wa pili. Akazichanganya, akatazama tena.

"Wengi huanguka hapa," alisema. "Nani amekukatia?"

"Tumekata wenyewe. Mimi na mama."

Akazisoma moja moja, akicheka peke yake, mpaka alipofika kwenye moja akaacha kucheka. Kadi hiyo ilisema: *Karani amekwenda kunywa chai, rudi vyumba vitano.*

"Hii itanitia matatani, dada. Nusu ya wateja wangu ni makarani na walimu. Watasema nawatukana kwenye duka wanalonunulia. Mchezo nauchukua. Nianze na arobaini, zikiisha tuzungumze. Lakini kadi hii ibadilishe, na faili nalihitaji leo, mchapaji wangu anafunga kesho. Unaweza, au na wewe utaniambia limepotea?"

Dada Namba aliomba soketi. Ilikuwa chini ya kaunta, nyuma ya mabunda ya madaftari, na mwenye duka mwenyewe alipiga magoti kuchomeka waya. Mkorofi akafunguka taratibu, bila kudai nenosiri wala malipo. Kadi ikaja kwenye kioo. Akayafuta maneno, akabaki ameshika kipanya.

"Uliwahi kuniona nikinywa chai?" alimuuliza mwenye duka.

Mwenye duka alifikiri. "Sijawahi."

Akaandika. Aliandika polepole, kwa vidole viwili, huku mama mkwe akisoma herufi moja moja kwa sauti ya chini zinavyotokea. *Karani amechoka. Wachezaji wote wasubiri zamu moja, apumzike.*

Mwenye duka aliisoma mara mbili. Hakucheka. "Iache hivyo hivyo," alisema, akamletea flashi.

Michezo arobaini si ajira, na Dada Namba hajidanganyi. Faida yake, akishatoa gharama za kuchapa, haifiki mshahara wa miezi miwili. Boksi la mashine ya namba limeshawasili na liko mapokezi, halijafunguliwa, na wagonjwa wameanza kuweka mifuko yao juu yake. Desemba itafika tu.

Hata hivyo ameanza mchezo wa pili, kuhusu fundi cherehani na wateja wanaotaka nguo zao kesho. Safari hii mama mkwe ndiye anayetunga kadi, na hana huruma na mteja hata mmoja. Jumapili mchana unawakuta kwenye meza moja, mmoja ameshika kipanya, mwingine amemshika mwenzake bega akimwelekeza. Dada Namba anataka watakapofika mwakani wawe na michezo mitatu dukani, wachapishe wenyewe kidogo kidogo, na pale nje ya nyumba waweke kibao kidogo cha biashara.

Kengele ya kituo inalia. Anajinyoosha mgongo, anashika kifurushi cha namba za alasiri, na kabla hajaondoka anaulizwa anatumaini nini hasa. Anafikiri huku akiitazama miguu yake.

"Mwakani mtu akiniuliza nafanya kazi gani," anasema, "nataka nimjibu nikiwa nimekaa."